Tumbo likichafuka, litatulia lini?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 36, naishi Majengo hapa Moshi na nauza nguo za mitumba soko la Memorial. Nakuandikia usiku, watoto wamelala, kwa sababu mchana sipati utulivu, na aibu nayo ipo.

Tumbo lilianza kunisumbua miaka mitatu iliyopita, baada ya msiba. Tulikula pale msibani, na kesho yake karibu nusu ya ukoo tulikuwa tunaharisha na kutapika. Wenzangu walipona ndani ya wiki. Mimi kuharisha kuliisha, ila tumbo halikurudi kuwa lile la zamani. Linakaa vizuri wiki mbili, tatu, mara nyingine mwezi mzima, halafu asubuhi moja naamka limejaa gesi, linaunguruma, linanyonga chini ya kitovu upande wa kushoto, na nakwenda chooni mara nne au tano kabla sijapanga meza yangu. Nikitoka chooni maumivu yanapungua, baada ya saa moja yamerudi. Kuna vipindi vingine ni kinyume kabisa, namaliza siku tatu sijapata choo, na nikipata ni kama cha mbuzi.

Nimetibiwa sana, Shangazi. Zahanati ya kwanza walisema taifodi. Ya pili wakasema amiba. Ya tatu wakasema taifodi tena, na vidonda vya tumbo juu yake. Kila nikianza dozi, siku ya pili au ya tatu napata nafuu, namshukuru Mungu, na baada ya wiki kadhaa tumbo linarudi palepale. Nimehesabu dozi 9 ndani ya miaka miwili. Mtaji wa belo zima umeishia duka la dawa.

Mwezi wa nane nilijikusanya nikaenda hospitali kubwa. Wakapima damu, choo, VVU, wakanipiga ultrasaundi, wakaingiza na kamera kwa chini. Kila kitu safi. Daktari akasema nina IBS, kwamba utumbo hauna kidonda wala uvimbe ila una hisia kali kupita kiasi. Akaniandikia dawa ya kutuliza msokoto, akaniambia nipunguze mawazo. Nikamuuliza hii itaisha lini. Akajibu, "Hiyo ni ya kuishi nayo," akamwita mgonjwa mwingine.

Neno hilo limenikaa kooni. Kuishi nayo mpaka lini? Na ikiamka, kawaida huwa siku ngapi? Maana kuna wakati inanishika siku mbili, na mwezi wa kumi ilinishika siku kumi na moja. Sijui nijipange vipi na maisha yangu. Sokoni sili kitu mpaka saa tisa alasiri, kwa sababu choo ni cha kulipia, kina foleni, na nikiiacha meza naibiwa. Saa tisa nakula chapati maharage na chai ya maziwa, halafu nikipanda daladala naomba Mungu nifike nyumbani.

Sasa Desemba hiyo inakuja. Tunapanda Marangu kwa wakwe kama kila mwaka, nyumba inajaa watu zaidi ya ishirini, choo kimoja cha nje. Mwaka jana asubuhi ya Krismasi nilijifungia mle ndani wakati wenzangu wanamenya ndizi, mawifi wakasema nakwepa kazi. Mama mkwe, ambaye kwa kweli ananipenda, alinivuta pembeni akasema nimelishwa kitu na anamjua mtu wa kukitoa. Mume wangu anasema vipimo ni safi, kwa hiyo ni mawazo tu. Nafikiria mwaka huu nibaki Moshi, wao waende.

Nishauri kama mwanao.

Mama Watatu, Moshi

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilisimama kwenye zile dozi 9. Naanzia hapo, kwa sababu jibu la swali lako la "siku ngapi" umeliandika mwenyewe bila kujua.

Angalia kalenda. Tumbo linachafuka Jumatatu, unavumilia. Jumanne unavumilia. Jumatano umeshindwa, unakwenda zahanati na kuanza dozi. Ijumaa una nafuu, na shukrani anapewa kidonge. Lakini kuchafuka kwa tumbo la IBS kuna mwisho wake kwenyewe. Kwa wengi ni saa chache hadi siku kadhaa. Wengine huvuta wiki moja au mbili, na wapo wanaokwenda wiki nyingi, hasa wakiwa kwenye msongo mkubwa au wakiendelea kula kinachowaudhi. Ijumaa yako ingefika na nafuu yake hata kama ungekunywa maji ya uvuguvugu tu. Ndiyo maana kila dozi ilionekana kufanya kazi na hakuna hata moja iliyokuponya.

Jambo hili linaniuma, mwanangu, maana nimelitazama miaka mingi kabla sijastaafu uuguzi hapa Arusha. Mtu anakuja na tumbo, anapimwa Widal, inasoma, anaandikiwa taifodi. Kipimo kile hakimtafuti mdudu mwenyewe, kinatafuta askari ambao mwili uliwatengeneza kupigana naye, na katika nchi ambayo taifodi ipo, askari hao unaweza kuwa nao kutoka vita ya zamani. Taifodi ya kweli kwa kawaida inakuja na homa, inapanda siku hadi siku, na inathibitishwa kwa kuotesha damu maabara. Wewe katika barua nzima hujataja homa hata mara moja. Isitoshe, dawa za kuua bakteria huvuruga na wale bakteria wazuri wa utumboni, zenyewe zinaweza kukuharisha. Kwa hiyo safari nyingine tumbo likichafuka kwa sura ileile unayoijua, bila homa na bila damu, usikimbilie dozi ya kumi.

Sasa swali la pili, lile la miaka. Hapa nikuombe usome taratibu.

Ulichokula msibani kina uhusiano na hali yako. Baada ya maambukizi makali ya tumbo, karibu mtu 1 kati ya 10 hubaki na IBS. Mdudu ameshaondoka, ila mishipa ya fahamu ya utumbo imebaki imeamshwa, kama mbwa aliyewahi kuingiliwa na mwizi, ambaye sasa anabweka hata jani likianguka. Kuna mji mdogo wa Kanada unaitwa Walkerton. Mwezi wa tano mwaka 2000 maji yao ya bomba yaliingiliwa na bakteria, maelfu ya watu wakaugua. Watafiti waliwafuatilia wakazi wale kwa miaka. Baada ya miaka miwili hadi mitatu, asilimia 28.3 ya waliougua walikuwa na IBS. Baada ya miaka minane walikuwa wamebaki asilimia 15.4. Maana yake karibu nusu walikuwa wameshatoka humo, wengine bado. Wewe uko mwaka wa tatu.

Siwezi kukuahidi utakuwa upande gani, na yeyote atakayekuahidi tarehe anakudanganya. Daktari aliposema ni ya kuishi nayo hakukosea, alikosea kuliacha neno likiwa tupu hivyo. IBS kwa watu wengi ni ya miaka, inakuja na kuondoka, kuna miezi unaisahau kabisa na kuna wiki inakukumbusha. Haigeuki kuwa saratani. Haitoboi utumbo. Haipunguzi siku za kuishi. Na wako wengi ambao mapengo kati ya mchafuko na mchafuko yanarefuka mwaka hadi mwaka, hasa wakishajua kinachowaamshia tumbo. Badala ya kungoja siku litakapoisha, hesabu mapengo hayo. Hapo ndipo utaona kama unapona.

Nimesema usikimbilie dozi, lakini kuna dalili ambazo ukiziona usikae nyumbani hata siku moja zaidi. Damu kwenye choo, au choo cheusi kama lami. Kukonda bila kupenda. Homa. Kuharisha kunakokuamsha usingizini usiku wa manane, maana IBS kwa kawaida humwacha mtu alale. Upungufu wa damu, au uvimbe unaoushika kwa mkono tumboni. Na kwa wasomaji wangu wengine: mtu ambaye tumbo limeanza kubadilika akiwa ameshavuka miaka 50, au ambaye mzazi au ndugu wa damu aliugua saratani ya utumbo mpana, asijiite ana IBS kwa kusoma barua ya mwenzake. Aende hospitali ya mkoa, Mawenzi kwa aliye Moshi, Mount Meru kwa aliye Arusha, apimwe kama ulivyopimwa wewe. Anayeingia kwenye majaruba ya mpunga kule chini ya Moshi amweleze daktari, ili na kichocho cha tumbo kitafutwe. Zile siku zako kumi na moja za mwezi wa kumi ni nyingi kuliko kawaida yako, lakini zimekwisha zenyewe na hujataja hata moja ya dalili hizi. Ikitokea tena ikavuka wiki mbili bila kupungua, rudi ukaonwe upya.

Tuje kwa mumeo. Mwambie vipimo kuwa safi si sawa na ugonjwa kutokuwepo. Watafiti wamewahi kuingiza kipira kidogo ndani ya utumbo na kukijaza hewa taratibu, na wenye IBS wakaumia kwa kiasi cha hewa ambacho wengine hakiwasumbui. Maumivu ni ya kweli, yanapimika. Utumbo una seli za fahamu zaidi ya milioni 100 na unazungumza na ubongo usiku na mchana, ndiyo maana hata mtu mzima wa afya akiitwa polisi tumbo linamkata. Kwako mawasiliano hayo yamepandishwa sauti. Kwa hiyo msongo unaweza kuliamsha tumbo, lakini kusema "ni mawazo tu" ni kumlaumu mwenye nyumba kwa mvua iliyomnyeshea. Madaktari wa tumbo wana vigezo kamili vya ugonjwa huu, vinaitwa vigezo vya Roma, toleo la mwaka 2016: maumivu angalau siku 1 kwa wiki katika miezi 3 iliyopita, yanayoendana na kwenda choo au na kubadilika kwa choo, na dalili ziwe zimeanza miezi 6 au zaidi nyuma. Kama ungekuwa unaigiza, mwanangu, usingepoteza belo zima.

Chakula ndicho ninachotaka tukikalie, kwa sababu hapo una nguvu.

Kukaa na njaa mpaka saa tisa unadhani kunakulinda, na ndiko kunakokuangusha. Chakula kikubwa kikiingia kwenye tumbo tupu, utumbo mpana hupokea ishara ya kujikamua upishe kinachokuja. Hiyo ni kwa kila binadamu. Kwako ishara inafika kwa kishindo, na inakukuta ndani ya daladala. Halafu tazama ulichochagua: chapati ya ngano, maharage, kitunguu kilichokaangiwa maharage, maziwa kwenye chai. Vyote vinne vina sukari za aina ambayo utumbo mwembamba hauinyonyi vizuri. Zinateremka mpaka utumbo mpana, bakteria wanazichachusha, gesi inajaa na maji yanavutwa. Mtu mwingine atajamba tu aendelee na kazi zake. Wewe unanyongwa.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash huko Melbourne, Australia, ndio waliochambua vyakula hivi na kutengeneza mpango unaoitwa FODMAP. Unapunguza vyenye sukari hizo kwa wiki mbili hadi sita, halafu unarudisha kimoja kimoja ujue kipi ndicho adui yako. Watu wengi wanaharibu kwenye kurudisha. Wanaacha kila kitu milele, wanabaki na wali na woga. Usifanye hivyo. Maharage ni chakula cha watoto wako na cha mfuko wako, tunachotafuta ni kiasi gani unakiweza, si kuyafukuza nyumbani.

Kwa wiki hizo chache jiwekee hivi. Amka ule kidogo nyumbani, kiazi mviringo cha kuchemsha au uji wa mahindi usio na maziwa. Beba kontena lenye wali au ugali mdogo na yai au samaki, ule saa sita, nusu ya sahani. Ndizi mbichi za kupika ziko salama zaidi kuliko ndizi mbivu sana. Kitunguu maji na kitunguu saumu vipumzishe kabisa, tumia majani mabichi ya kitunguu, yale ya kijani, yanatoa harufu nzuri na hayasumbui. Maziwa fresh yaache kwanza, wengi wetu tukishakuwa watu wazima tumbo halimudu sukari yake. Mtindi kidogo mara nyingi unapita. Embe, tikiti na parachichi zingoje. Kahawa punguza, najua nasema hivi kwa mtu wa Kilimanjaro. Halafu nunua daftari la shule, andika ulichokula, ulivyolala, siku za hedhi, na tumbo lilivyokuwa. Hedhi usiisahau, wanawake wengi huchafukwa siku hizo na hawaunganishi mambo.

Choo cha sokoni, ongea na jirani wa meza. Mweleze tu una tumbo, akuangalizie dakika kumi na wewe umwangalizie za kwake. Ukijua kuna mtu wa kukushikia meza, nusu ya wasiwasi inaondoka, na wasiwasi ukiondoka tumbo nalo hupungua kujikamua.

Dawa ile ya msokoto ni nzuri ukiimeza kwa maelekezo, hasa unapohisi linaanza. Siku za kuharisha kuna loperamidi, muulize mfamasia kiasi, na usiimeze kamwe ukiwa na homa au damu kwenye choo. Vipindi vya choo cha mbuzi, nyuzi laini zinazoyeyuka kama ispaghula husaidia, ukianza na kidogo na kunywa maji ya kutosha; pumba za ngano usiziguse, huzidisha gesi. Hayo yasipotosha, kuna dawa ya siku nyingi inaitwa amitriptilini. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliotolewa mwaka 2023 ulionyesha kwamba kwa dozi ndogo, kuanzia miligramu 10 usiku, inawapunguzia wengi dalili za IBS. Daktari akiitaja usikasirike ukadhani amekuita mwendawazimu kwa sababu uliwahi kusikia ni dawa ya sonona. Dozi hii ni ndogo mno kuliko ile, na kazi yake hapa ni kushusha sauti ya mishipa niliyokueleza.

Sasa Marangu. Nenda, mwanangu. Ukibaki Moshi mwaka huu, mwakani itakuwa vigumu zaidi, na watoto watajifunza kwamba mama haendi. Lakini nenda na mpango. Mume wako awaambie dada zake kabla hamjapanda, kwa mdomo wake mwenyewe, kwamba mkewe ana ugonjwa wa utumbo uliothibitishwa hospitali na asubuhi atachelewa kutoka. Jambo hilo likitoka kwa kaka yao halitaitwa uvivu. Kama mnaweza, pandeni siku moja kabla ya umati, tumbo lizoee kitanda na choo. Amka kabla ya wengine ule kitu kidogo, ili tumbo lifanye haja zake choo kikiwa hakina foleni. Omba kazi ya kuchambua mchele au kupika mtori, maana anayepika ndiye anayejua kitunguu kimeingia kwenye sufuria gani. Chota mtori wako kabla ya kitunguu na maziwa, hakuna atakayeona. Machalari chukua ndizi na nyama, mafuta yanayoelea yaache. Mbege ikizungushwa pokea kata kwa mikono miwili, onja kwa heshima, mpe aliye pembeni yako. Na kama pamoja na yote hayo tumbo likachafuka tarehe 25, unajua sasa kwamba ni la siku chache, una dawa kwenye pochi, na hakuna kidonda kinachofunguka humo ndani.

Mama mkwe usimjibu kwa ukali. Mama anayekuvuta pembeni badala ya kukusema jikoni anakutakia mema. Mshike mkono umwambie, "Mama, kweli nililishwa kitu, ni chakula cha ule msiba kilichokuwa kimeharibika, na wote tuliougua tunajua. Hospitali wamenieleza kilichobaki." Kisha mpe kazi, mwombe akutengee sufuria ndogo isiyo na kitunguu. Usikubali kwenda kwa huyo mtu wake, maana dawa za kutapisha na kuharisha kwa tumbo kama lako zitakuamshia kipindi kingine kirefu.

Januari niandikie tena, na uninakilie kurasa za daftari kuanzia leo mpaka mwaka mpya. Nataka kuona mapengo.

Shangazi yako, Arusha